Kyungu na Kabange wameanza shule

Yaya Feza, dada yangu mpenzi,

Amani ya Bwana ikufikie, ingawa huko uliko najua hamkosi amani. Sisi wa hapa Kamina njo tunaoitafuta, zaidi nyumbani mwangu, tangu mapasa wako, Kyungu na pacha wake Kabange, wafikishe umri wa shule.

Siku ile hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Ngoie, batoto basome. Na usibatenganishe." Nikaitika haraka, maana mtu anayelia huitika kila kitu. Sikujua, yaya, kwamba hayo maneno mawili yatakuja kupigana.

Mjomba Banza alianza. Alikaa kwenye kiti chako, akagonga fimbo chini, anataka shule ya kulipia: "Prive! Batoto ba marehemu habawezi kubanana batano ku benchi moja ku masomo ya Leta, ya serikali!" Unamjua, yeye hatoi kitu ila sauti. Lakini kweli, watoto wa prive wanavaa karavati shingoni, na wanasema bonjour hata kwa mbuzi. Nikaazima karavati mbili kwa jirani, tukaenda.

Mama direktrisi, mkuu wa shule, aliwauliza mmoja mmoja, mimi karibu na mlango naomba kimoyomoyo. Kyungu alijibu yote. Kabange alionyeshwa picha ya frigo, yaani friji. Akaulizwa, "Ndani munawekaka nini?" Akajibu bila kuogopa, "Unga, viatu ya kanisa, na Biblia ya mama mudogo." Je, alidanganya, yaya? Frigo yako uliyokuwa unaipangusa kila Jumamosi imekuwa kabati, maana umeme hauji na panya hawawezi kuifungua. Lakini direktrisi alitia alama nyekundu. Kyungu anaingia, akasema, Kabange ajaribu mwaka ujao.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba hawa ni mapasa. Ukimpa mmoja kipande cha samaki, mwenzake unampa kipande kilekile, la sivyo anaugua na nyumba nzima hailali. Akacheka na meno yote. "Mama, hapa iko masomo, haiko ku kijiji." Nikawachukua wote wawili, karavati tukazirudisha kabla hazijapata jasho.

Njo mama Numbi, yule tunayeimba naye kanisani, akanitia maneno moyoni: "Weye Ngoie, haujue kusoma? Bafundishe mwenyewe ku nyumba!" Nikajiona mwalimu. Nikafungua shule sebuleni kwa sala, kisha wimbo. Kabange akaomba wimbo mwingine, na mwingine, na mimi siwezi kumkataza mtoto kumsifu Mungu, basi tukaimba mpaka saa ya kusonga bukari. Hivyo tulienda juma zima. Tulipofika kwenye hesabu za kutoa, Kyungu alitazama jibu langu muda mrefu, kisha akaniambia polepole, kama nesi anayeongea na mgonjwa, "Mama mudogo, enda kwanza kuangalia sombe ku moto. Tutakungojea." Nilienda kweli. Niliporudi, walikuwa wanafundisha kuku. Nikaifunga shule yangu kwa baraka.

Ikabaki ile ya Leta. Wamejaa darasani, sikufichi. Lakini mwalimu Kabwe ni mtu wa kwetu. Alisikia tu Kyungu na Kabange, majina ya mapasa, akainuka mwenyewe akawatafutia benchi moja. Nilitembea hadi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa sauti, waendesha baiskeli wakanipisha.

Halafu pointi zikaanza kuja. Kyungu nane, Kabange nane. Kyungu tisa, Kabange tisa. Nikatoa ushuhuda kanisani! Bamama wakapiga vigelegele. Jioni moja nikamuuliza Kabange tu hivi, ukiwa na mikate mitano, ukikula miwili, inabaki mingapi? Akafikiri. "Ile Kyungu atasema."

Nilimkuta mwalimu asubuhi akifuta ubao, nikamuuliza hizo pointi za Kabange zinatoka wapi. Akashusha sauti. "Mama, haba njo mapasa! Nimupatie Kyungu tisa, Kabange mbili? Akigonjwa, bantu batasema ni nani? Si batasema ni minyi mwalimu?" Ni maneno yangu mwenyewe niliyomwambia direktrisi, sasa yamenirudia yamevaa suruali.

Siku ile nilikukasirikia. Ningetii lipi? Wakae pamoja, au wasome? Nilipiga magoti hata sala ikakataa kutoka. Ndipo nikakukumbuka wakati wa mvua kubwa. Wote wawili ulikuwa unawafunika kitenge kimoja, lakini anayeogopa radi ni Kabange, na wimbo wako ulikuwa wa Kabange peke yake. Mdomo sikioni mwake. Kyungu alikuwa anasikia hivyo, anageuka, anasinzia. Hakuugua hata siku moja.

Nikarudi kwa mwalimu Kabwe. Nikamwambia: benchi moja, ndiyo. Pointi, kila mtoto zake. Wakiugua, njo mimi nitakayejibu. Aliniomba nikariri hayo mbele ya direktere wake na mlinzi wa lango, wawe mashahidi.

Ijumaa nikakaanga yai la kumfariji Kabange. Nikapanga na maneno ya kumwambia, Bwana anawapenda wote na kadhalika. Mara nasikia kelele tangu mwanzo wa avenue. "Ine! Nilipata ine! Yangu mwenyewe!" Nne juu ya kumi, yaya, ameinua karatasi juu ya kichwa, anamwonyesha muuza makaa, anamwonyesha mtu wa pikipiki, anamwonyesha mbwa. Na nyuma yake Kyungu, mkononi ana tisa, analia machozi ya kweli, kwamba mwenzake ana ine na yeye hakupewa.

Yai nikampa Kyungu. Zima. Kabange hakuliangalia hata kidogo, alikuwa anatafuta msumari wa kutundika karatasi yake. Nimekaa siku kadhaa nikiwapapasa vipaji vya nyuso. Hakuna homa.

Basi pumzika, yaya wangu. Nakuahidi watakaa pamoja mpaka wamalize, na mimi nitawatazama mmoja mmoja, kama wewe. Umwombe Bwana anitie nguvu, kwa sababu Kyungu ameapa juma lijalo na yeye atafanya yote apate ine.

Mdogo wako,
Ngoie