Jina la Vikapu vya Mtani Wetu Grasiana

Masuguru,
Korogwe.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Mwantumu,

Shikamoo. Vipi hali yako na mzee hapo Sumbawanga, na baridi ya huko mnaionaje mwezi huu? Goti lako limepata nafuu? Shamsia anasema kama bado linauma usiache kulikanda kwa maji ya moto. Amenitaka niandike salamu zake mwanzoni kabisa, maana anajua mke wangu yule kwamba nikishaanza habari zangu nasahau za wengine. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Mwanaisha wetu yuko darasa la pili na ameng'oka meno ya mbele, kila akicheka anafunika mdomo kwa kiganja.

Kwetu kijijini Misima mvua zilianza vizuri zikakatika mapema. Mahindi ya bondeni yamebeba, ya juu yamebaki mabua ya kulishia ng'ombe. Lile shamba lako la karibu na kisima nimelipitia mwenyewe, halijavamiwa na mtu, mpaka uko pale pale.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu ninayo, na namba yako naijua kwa kichwa. Nimeishika mara nyingi nikairudisha mfukoni, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na mimi ningeanza kujitetea kwa maneno matamu, unanijua. Kwenye karatasi nikijitetea najiona, nakata mstari. Ukiona mahali nimekatakata ujue ni hapo.

Siku ya harusi ya Salimu uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikakujibu ni ya mtandao, ukaguna. Sasa nikueleze vizuri. Mtu akitaka duka lake au kikundi chake kionekane kwenye mtandao, lazima awe na jina, kama kibao cha dukani. Jina hilo linalipiwa kila mwaka. Usipolipia linaanguka, na likianguka, yeyote anayewahi analiokota. Mimi nayaokota, au natunga mapya ambayo nadhani kesho kutwa mtu atayahitaji, nayalipia, nakaa nayo, nasubiri mwenye haja aje nimuuzie kwa bei ya juu. Wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Wapo wengi zaidi wanaosubiri tu.

Mimi nilikuwa wa kusubiri. Nilianza na majina ya machungwa, nikidhani wafanyabiashara wa matunda watanipigia magoti, na hakuna aliyenipigia hata simu. Nikanunua jina refu la Kizigua lenye maana nzuri kabisa, kumbe hata ndugu zetu wa Misima hawakubaliani linaandikwaje. Nikanunua jina la hoteli nikakosea herufi. Jonathan, yule rafiki yangu wa duka la simu aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akinicheka mpaka anakaa chini. Mara moja tu nilipata: jina la safari za milimani nililolitunga mwenyewe, akalinunua mwongoza watalii wa Arusha. Tulishukuriana wote wawili, na hadi leo akiniona mtandaoni ananisalimia. Nakutajia huyo ili ujue kwamba kazi yenyewe si wizi. Wizi niliuleta mimi.

Sasa Grasiana. Wewe unamjua kuliko mimi, mmekua pamoja, wewe ukipeleka maziwa kambini na yeye mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Tabora akaahirisha kurudi mpaka akazikwa huku huku. Ila hujakiona kikundi chake tangu kikue. Wanawake wa ile kambi ya zamani wanasuka vikapu vya singa, zile nyuzi za mkonge, wanajiita Singa Zetu, na vikapu vyao vinanunuliwa Ulaya na wapi sijui. Kijana mmoja, Elisha, aliyekuwa akifundisha hapa, aliwafungulia ukurasa kwenye mtandao kwa jina hilo hilo. Kila kikapu kina kipande cha kitambaa kilichoshonewa jina hilo. Mnunuzi wa huko akitaka kingine analiandika, anaona picha, anaagiza. Elisha alihamishwa, namba yake ikapotea, na barua za kukumbusha malipo zikawa zinakwenda kwake na kwa kina mama haikufika hata moja.

Mimi nililiona jina hilo kwenye orodha ya yanayoanguka. Nakuapia, shangazi, nililiwahi kwa nia njema. Nilijua nisipoliokota mimi ataliokota mtu asiyemjua Grasiana. Ningemwambia siku hiyo hiyo, leo nisingekuwa naandika barua hii. Lakini nikaona nimpige utani kwanza.

Ikafika arobaini ya Baba Mdogo Adamu pale Misima. Tulikukosa sana. Grasiana alikuja kama mtani, na alifanya kazi ya watani ipasavyo. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kwa kuvuta mguu kama yeye, akawa anadai kahawa na kulalamika kwamba haina tangawizi. Hata mjane alicheka, na alikuwa hajacheka tangu mazishi. Halafu akakalia sufuria la ubwabwa akasema Wazigua hawali mpaka wamlipe. Ndipo nikasimama nikatangaza mbele ya watu wote kwamba na mimi nimemkamata: jina la vikapu vyake liko mkononi mwangu, alete jogoo aligomboe. Wakacheka uwanja mzima. Grasiana akaniita mtumwa wake, akasema Mzigua hata hewa anaiba, na akaahidi kuleta jogoo mwenye kikohozi.

Unaijua sheria ya utani. Kitu cha mtani ukikikamata unakitunza. Hukili, hukiuzi, unakaa nacho mpaka mwenyewe aje akigomboe. Kwa hiyo Grasiana alirudi kambini roho yake imetulia. Binti mmoja wa kikundi alimshauri watafute jina jingine haraka, akamjibu ya nini, jina liko kwa mtani, liko salama kuliko benki. Hilo neno nilisimuliwa baadaye.

Wiki chache zikapita, ikaja barua pepe kutoka kwa mtu wa mbali, hakutaja nchi, akiulizia singazetu. Yeye hajui singa ni nini. Alitaka tu jina lililokwisha zoeleka, lenye watu wanaolifungua. Shangazi, nyumbani hapakuwa na mgonjwa, hapakuwa na mtoto aliyefukuzwa shule, hapakuwa na njaa. Ningependa sana kukuambia palikuwa na kitu. Nilikuwa nimechoka kuitwa muuza hewa, na hapa palikuwa na mtu anayetaka kununua. Nilijiambia kina mama nitawatungia jina zuri zaidi. Nikauza.

Siku ya gulio, kabla sijapata ujasiri wa kwenda kambini, wakaja wao. Walipita hapa Masuguru wakiimba, Grasiana mbele na jogoo kwapani, kina mama nyuma wakinitukana kwa majina yote ambayo Mnyamwezi ameyapata kumwita Mzigua. Majirani walitoka nje kuangalia. Shamsia akawatandikia mkeka. Grasiana akanikabidhi jogoo kwa mikono miwili akasema, "Haya, mtani, mfungwa wangu mfungulie."

Nilimpokea. Nikasema nitalishughulikia, mambo ya mtandao huchukua muda. Yule jogoo tulimla jioni ile ile pamoja nao, na mimi nilipewa firigisi.

Anayelimiliki jina sasa ameweka kamari ya mpira. Mnunuzi wa ng'ambo anayetafuta vikapu anakuta wachezaji na namba za kubahatisha, anadhani Singa Zetu wamekufa, anakwenda kwingine. Maagizo yamekatika kabisa. Nimemwandikia yule mtu nikimwomba aniuzie tena, akajibu haliuzwi. Nimemwandikia mara nyingine, hajibu. Jina jipya nimelinunua na nimelilipia, liko tayari, lakini wateja wao wa miaka yote wanalijua la kwenye kitambaa. Hilo jipya itabidi walianze kama watu wasiojulikana na mtu.

Hilo peke yake lingetosha kuninyima usingizi, lakini kuna baya zaidi. Grasiana hajui maagizo yamekatika kwa sababu gani. Yeye anaamini jina liko kwangu, kwa hiyo ametafuta kosa kwenye vikapu. Ameamua kwamba midomo ya vikapu imelegea. Na anayesuka midomo ni bibi Dorkasi, yule aliyewafundisha wote, hata Grasiana mwenyewe. Wamemtoa kwenye kusuka. Wamempa kazi ya kuosha singa. Wamefumua hata vikapu vilivyokuwa tayari, wakaanza upya.

Nilikwenda pale mwezi uliopita nikamkuta bibi Dorkasi amekaa peke yake upande wa karai. Akaniita. Akatoa kikapu alichokuwa amekificha ndani ya khanga, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe macho yako bado ni mazima. Nionyeshe palipoharibika." Shangazi, kile kikapu kilikuwa hakina kosa. Nilikizungusha mikononi. Ningesema bibi, hakuna, angeniuliza basi kwa nini hawanunui. Nikaweka kidole mahali, pembeni pa mdomo. Nikasema labda hapa. Akapashika pale pale, akapapasa, akatikisa kichwa akasema kweli, hapo kweli pamelegea.

Jioni ile nilirudi nyumbani nikasukuma sahani kando. Shamsia alinibana nikamwambia yote, naye akaenda kulala kwa mama yake siku mbili.

Jumapili iliyopita nikasema liwalo na liwe. Nikawangoja watoke kanisani, nikamwendea Grasiana mbele ya wenzake wote, nikamwambia jina niliuza, halirudi, bibi Dorkasi hana kosa. Nilisema kila kitu, hata habari ya kidole. Unajua alifanya nini? Alicheka. Akawaita wengine waje wasikie Mzigua anavyotunga. Nikamwonyesha kwenye simu ile kamari, akapiga makofi, akasema sasa umevuka mpaka mtani, vikapu vyangu umevigeuza mpira. Nikaapa. Ndiyo kwanza wakazidi, maana ni mtani gani asiyeapa? Hata Shamsia alikwenda juzi kumweleza, akaambiwa mke naye ametumwa. Na bibi Dorkasi alikuwepo pale siku ya Jumapili, amesimama nyuma yao. Yeye hakucheka, lakini hakuamini pia. Alinitazama kama mtu anayenihurumia kwa kutaka kumfariji.

Ndiyo sababu nakuandikia. Kinywani mwangu ukweli umekuwa mchezo, na niliuharibu mwenyewe siku ya arobaini. Lakini wewe, katika ukoo wetu mzima, hujawahi kumtania mtu. Grasiana mwenyewe husema Mwantumu ni Mzigua aliyeharibika, ukimnyang'anya kitu anakwenda kwa mjumbe. Wewe akikusikia unasema jambo, atajua ni hivyo lilivyo. Nakuomba umpigie simu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Najua baada ya hapo atakasirika. Watu wanasema mtani hakasirikiwi, na nimegundua kwamba miezi yote hii nimekuwa nikijificha humo, nikijua kwamba nifanye nifanyavyo mama yule lazima acheke. Sitaki tena acheke. Mwambie kwamba kwa jambo hili mimi si mtani wake, ni mtu aliyeiuza mali yake, anichukulie hatua anayoitaka, na mimi nipo hapa hapa, sitahama. Malipo niliyopata kwa jina lile Shamsia ameyafungasha yote, yanamngoja yeye.

Ila nakusihi usianze na habari ya jina. Habari ya jina ni ndefu, na ya mtandao itamtia kizunguzungu. Anza na bibi Dorkasi, kwa sababu kila siku inayopita anaosha singa huku akiamini mikono yake imemfia. Sema mdomo wa kikapu haukulegea. Sema palipoonyeshwa hapana kitu, ni kidole cha Faraji tu. Likiingia hilo moja, mengine hata akikata simu, nitakwenda kuyamalizia mwenyewe.

Nisalimie mzee, na Yusuph na mkewe, na wajukuu zako ambao sijawaona. Mama anakusalimu, Muhsin anakusalimu na anauliza kama huko samaki wa ziwani wanafika wabichi. Mungu akulinde, akupe nguvu za goti na umri wa kutugombeza. Nigombeze na mimi, shangazi, ukishamaliza kumpigia.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukuonea haya,

Faraji Mhina