Nimenyang'anywa Theluji Yangu

Kwako Shangazi Wilma,

Natumaini u mzima. Sijawahi kuandikia gazeti barua ya namna hii, na marehemu mke wangu angeniona hapa mezani nimeshika kalamu angecheka mpaka alie, lakini nimefika mwisho, naomba unisaidie. Shangazi, nimeibiwa. Sikuibiwa gari wala ng'ombe. Nimeibiwa theluji, theluji ya mbele ya nyumba yangu mwenyewe, na mwizi namjua, ni jirani yangu, na aliyemfundisha wizi huo ni mimi.

Hapa Dunmoor mimi ndiye ninayeongoza kamati ya kupokea wageni, tangu enzi zile mgeni alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Siku hizi wanatoka mbali kidogo. Huu ni msimu wa tatu wa baridi tangu tumpokee Rogelio Dimaculangan na mkewe Marivic kutoka Ufilipino, yeye fundi mitambo kwenye ghala la nafaka, mkewe mhudumu pale kwenye makao ya wazee, na nasema bila kujisifu kwamba niliwashughulikia sawasawa: niliwatafutia nyumba, hii iliyo jirani na yangu, nikawaletea mabuti, nikamwonyesha Rogelio namna ya kuchomeka gari kwenye umeme ili injini isigande, nikamfundisha kuinua kidole kimoja tu juu ya usukani akipishana na mtu barabarani, maana alikuwa anapunga mkono mzima na watu walikuwa wanasimama wakidhani gari limemharibikia.

Halafu nikamfundisha sheria ya theluji. Nilimsimamisha pale mlangoni kwake nikamwambia, "Rogelio, ukiamka unaondoa ya kwako. Kisha unamtazama jirani aliye mzee kuliko wewe, unaondoa na ya kwake. Hupigi hodi, hungoji shukrani, unarudi ndani kunywa kahawa yako." Mimi nilikuwa namzungumzia Bi Friesen, mjane wa nyumba ya tatu, ambaye theluji yake nimeiondoa mwenyewe tangu mumewe afariki. Rogelio akaitikia kwa kichwa. "Nimeelewa, Tatay," akasema, ndivyo wanavyoniita, kwao maana yake baba. Misimu miwili ya kwanza alikuwa na zamu za alfajiri, hakupata nafasi. Mwaka huu wamembadilishia zamu. Theluji ya kwanza ilipoanguka niliamka, nikavaa, nikachukua beleshi, nikafungua mlango, nikakuta mbele ya nyumba yangu pamesafishwa kama meza ya harusi.

Nina miaka sabini na sita, Shangazi, lakini mpaka asubuhi ile sikuwa najua kwamba yule mzee niliyemtaja ni mimi.

Kesho yake nikaamka mapema. Yeye akaamka mapema zaidi, akamaliza yangu na ya Bi Friesen. Siku nyingine nikaamshwa na ngurumo za greda la manispaa, nikachomoka mbio, nikamkuta yuko nje tayari, anavunja lile tuta ambalo greda huliacha mdomoni mwa njia ya gari, tena anapiga mluzi.

"Rogelio, hiyo ni yangu!"

"Nakaribia kumaliza, Tatay. Rudi ndani, utaumia kiuno."

"Kiuno changu kimezaliwa hapa hapa!"

"Ndiyo maana kimechoka."

Jumamosi moja baada ya dhoruba tulitoka kwa wakati mmoja, mimi nina pajama chini ya koti, tukavamia rundo moja, yeye upande huu mimi upande ule, mabeleshi yakawa yanagongana, mpaka Bi Friesen akafungua dirisha akapaza sauti, "Nyie majogoo, mkimaliza kugombania ya hapo njooni mgombanie na yangu!" Tukatazamana, tukatimua mbio kwenda kwake kama watoto, nikateleza nikakaa chini, Rogelio akaja kuninyanyua akateleza naye, tukabaki tumekaa pale kwenye theluji tunacheka mpaka meno yangu ya bandia yakataka kutoka. Nakubali ilikuwa asubuhi nzuri. Lakini hiyo siyo hoja yangu.

Hoja yangu ni kwamba hata kazi yenyewe kijana haijui, kwa sababu akishamaliza penye gari anaendelea kuchimba kichochoro kinachokatiza bustani yangu, kutoka mlango wangu wa jikoni mpaka mlango wao wa jikoni, mahali ambapo hakuna njia na haijawahi kuwako, ni njia isiyokwenda popote, nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja na yeye anacheka tu, na theluji ikianguka tena anakifungua upya. Nguvu zinapotea bure. Mkewe naye ana lake. Kila Jumapili hutoa kichwa mlangoni akaita, "Tatay, mchuzi wa ukwaju uko tayari, unapoa!" nami humwambia nimeshakula. Kamati ina kanuni, niliitunga mwenyewe, kwamba hatuli chakula cha wageni, wasije wakaona kama wanatulipa. Basi narudi ndani nafungua kopo langu la sardini, nakula nimesimama hapo kwenye sinki, maana mtu mmoja kuandaa meza ni usumbufu.

Mkahawani nako hakukaliki. Gordie, ambaye mdomo wake hauna breki, akiniona tu anainuka. "Karibu Dunmoor, mzee! Umeshaizoea baridi yetu? Kamati imekupatia mabuti?" Wenzake wanapiga meza.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini binti yangu Lorelei, aliyeko jijini Winnipeg, amekuwa akinisihi tangu mama yake afariki niuze nyumba nikahamie kwake, ana chumba kizuri cha chini, na kila mara jibu langu lilikuwa moja: nani ataondoa theluji za watu? Sasa Gordie amemweleza kila kitu. Lorelei akanipigia. "Kwa hiyo baba, yako anaiondoa Rogelio, na ya Bi Friesen anaiondoa Rogelio. Wewe huko nani anakuhitaji?" Nikamwambia kuna mtu mlangoni, Shangazi, nikakata simu. Hapakuwa na mtu. Jumapili ya wiki ijayo anakuja na dalali kuitazama nyumba.

Je, niiuze? Maana mtu ambaye hata theluji yake haimhitaji anabaki mjini kufanya nini? Na nikibaki, nimwambieje huyu kijana aache, bila kumvunja moyo, kwa kuwa ni mtu mwema na mimi ndiye niliyemkaribisha? Jina langu tafadhali usilichape.

Ni mimi,
Asiye na Beleshi, Dunmoor

*

Shangazi Wilma anajibu:

Ndugu yangu Asiye na Beleshi, jina lako sijalichapa. Haitakusaidia. Nusu ya Dunmoor imeshakujua kufikia mstari wa tatu, na nusu iliyobaki itaambiwa na Gordie.

Kwanza pole, na ninaisema kwa moyo. Kufungua mlango asubuhi ukiwa na beleshi mkononi, ukakuta umeshazeeka na kazi imeshafanywa, si jambo dogo. Mimi mwenyewe siku msichana wa dukani aliponibebea mfuko mpaka kwenye gari, nilikaa nyuma ya usukani kitambo kabla ya kuwasha.

Pole imekwisha. Sasa keti, maana nataka kukugombeza.

Ulitaka kumfanya Rogelio mwenyeji. Haya, wenyeji wa Dunmoor wanafanyaje? Wanaamka, wanaondoa theluji yao, wanaondoa ya mzee wa jirani, hawapigi hodi. Ni maneno yako. Umemfundisha mtu, ameelewa, ameyatenda bila kupunguza hata nukta, na wewe badala ya kutembea kifua mbele unaandikia gazeti eti umeibiwa! Angekuwa mvivu ungeniandikia barua ndefu kuliko hii.

Na hao ni wageni mpaka lini, mzee? Msimu wa tatu huu. Greda linawajua. Bi Friesen anawapigia kelele dirishani, na sote tunajua yule mama hampigii kelele mtu asiyempenda. Aliyebaki anawaita wageni ni wewe peke yako, na umetunga kanuni ya kukusaidia. Unataka kukaribisha tu, hutaki kukaribishwa. Umewapa nyumba, mabuti, na kidole cha kuinua barabarani, halafu wao wakikunyooshea bakuli la mchuzi unasema umeshakula. Umekula nini? Sardini, kwenye kopo, umesimama. Hukuniambia mimi tu, umeuambia mkoa mzima.

Sasa tuje kwenye kile kichochoro. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilirudi juu nikasoma tena, kisha nikamsomea mume wangu, ambaye kwa kawaida mambo humwingia polepole. Akaweka kikombe chini akaniuliza, "Kwani huyo mzee haoni?" Nami nakuuliza hilo hilo. Unasema ni njia isiyokwenda popote. Inaanzia mlango wako wa jikoni. Inaishia mlango wa jikoni wa watu wanaokuita baba, na huko ndani, kila Jumapili, kuna chungu kinachochemka na mtu anayeita mpaka mchuzi unapoa. Rogelio ni fundi; kitu kisipofanya kazi, hutafuta kilipokwama. Alikuona huji, akafikiri labda theluji ndiyo inayokuzuia, akaiondoa. Hukuja. Ikaanguka nyingine, akaiondoa nayo. Kijana wa watu anakuchimbulia visingizio vyako kimoja kimoja, na wewe umesimama dirishani unamkosoa ufundi wake.

Kuhusu kumwambia aache: usimwambie. Mbele ya nyumba yako mwachie, ni haki yake, ulimpa mwenyewe. Ya Bi Friesen muwe mnaiondoa wote wawili, polepole, bila pajama, maana nadhani yule mjane anahitaji burudani kuliko anavyohitaji njia. Na ile kanuni ya kutokula, ifute kwenye kikao kijacho. Rogelio awe mjumbe kwenye kikao hicho hicho. Hapa kwetu gazetini tumesikia kuna familia nyingine mnaitarajia kabla ya theluji kuyeyuka, sasa unaniuliza mtu kama wewe anabaki mjini kufanya nini? Nani atawaambia kuhusu kidole juu ya usukani? Utawafundisha na sheria ya theluji, ila safari hii uimalizie. Uwaambie kwamba siku moja jirani ataondoa ya kwao, na siku hiyo wamwache aiondoe.

Binti yako usimkasirikie. Ana baba wa miaka sabini na sita anayekimbia na pajama kwenye barafu. Hata mimi nisingelala. Swali lake si baya, ila umelijibu kwa miaka yote kwa kutumia beleshi, ndiyo maana limekushinda siku beleshi lilipochukuliwa. Akija wiki ijayo, dalali mpelekeni mkahawani akanywe kahawa na Gordie, atapata habari nyingi za nyumba yako kuliko utakazompa wewe. Lorelei umpitishe kwenye kichochoro. Mkalishe kwenye meza ya Marivic, umwache ale ashibe, halafu umwambie alirudie swali lake pale pale, mbele ya watu, kwa sauti. Huenda bado utaamua kuuza. Uamuzi ni wako, na chumba cha chini Winnipeg si jela. Lakini uza kwa sababu zako, siyo kwa sababu kuna mtu anakupenda mapema mno asubuhi.

Hiyo ni wiki ijayo. Jumapili hii uende peke yako. Kopo la sardini liache kabatini. Vaa shati safi, toka kwa mlango wa jikoni, pita njia uliyochimbiwa. Usibebe bakuli la viazi wala mkate wa ndizi. Najua mikono itakuwasha, itie mfukoni. Usijifanye umepita kukagua kama mabomba yao yameganda. Marivic atakuuliza kama umeshakula.

Sema hapana.