Mama wa Kwenye Picha za Evodia

S.L.P. 718,
Makutupora, Dodoma.
14 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Anjelina,

Shikamoo dada. Hali yako huko Newala? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisani? Na shemeji Damas, kikohozi kimemwachia? Sisi hapa tunaamka. Zabibu zimekubali mwaka huu, na mashada yangu hakuna aliyenifikia Makutupora nzima. Anayebisha aje aone.

Barua hii nimempa Thomas wa hapa jirani, anakuja huko kesho kikazi. Kwa simu nisingeweza. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni wanakusikia sebuleni, na Evodia yuko nyumbani siku nzima.

Evodia huyo ndiye anayechora ile katuni watoto wanayoiangalia kwenye runinga Jumamosi asubuhi. Kampuni ya Dar inamtumia hadithi, naye anachora kwa penseli kila kitakachotokea, vijumba vijumba, sita kwa karatasi, ndipo wengine waichezeshe kwenye kompyuta. Anazibandika ukutani kwa mfuatano. Yule mwalimu aliyesema mtoto wangu anaharibu madaftari, siku hizi anapita hapa kuomba apige naye picha. Nami namkaribisha chai, makusudi.

Sasa kilichonikalisha kuandika. Ule uvimbe wa kwenye titi niliokudokeza Pasaka, nilikwenda nao hospitali mjini. Walitoa kinyama kwa sindano, wakapeleka kupima. Majibu tumeambiwa Jumatano ijayo. Namba ya simu waliyoandika ni ya Evodia, maana yangu inazima ovyo.

Jumatatu niliingia chumbani kwake kufagia. Ukutani nikakuta hadithi mpya, na ndani yake kuna mama. Dada, ni mimi mtupu. Pengo langu, kilemba changu ninavyokifunga upande, hata ninavyoshika kiuno nikigomba. Nikacheka peke yangu, nikawa nafuata vijumba. Karatasi ya pili, mama kalala kitandani. Ya tatu, kitanda kitupu, watoto wawili wanafunga mizigo. Kuanzia hapo sipo tena, ukuta mzima mpaka mlangoni.

Nilikaa chini na ufagio wangu. Nikajua hospitali wameshampigia, na mtoto ameshindwa kuniambia. Siku mbili chakula hakikupita, nikasingizia meno. Akinipokea ndoo naona ananiaga. Akiniuliza nimelalaje, naona kuna analolijua.

Leo asubuhi nikamfuata, nikamuuliza, "Kwa nini umeniua?"

Alibaki na penseli hewani. "Mama jamani. Hadithi hizi mama huwa anaondolewa mapema. Wewe ukiwepo, hao watoto watatoka hata getini? Utawapikia uji, utawachapa, hadithi imeisha."

Nilicheka, maana kasema kweli, ningeimaliza ile hadithi kwenye kijumba cha pili. Nikamuuliza, na hospitali? Akasema hawajapiga. Halafu akageukia ukuta, akaniambia polepole, "Ila nilianza kuichora siku ile tuliyotoka kupima. Na mimi naogopa, mama."

Basi sasa tunaogopa wawili. Nilidhani ukigawana hofu inapungua. Haijapungua. Ila leo nimekula.

Nimemkataza kunichukulia majibu. Tutakwenda wote, na karatasi nitaishika mimi kwanza, niisome hata kama ni kwa kuunga herufi. Lameck nitamwambia Jumapili tukitoka ibadani. Mume wangu unamjua, nikimwambia mapema ataacha mavuno shambani akae ananitazama.

Nakuomba jambo moja. Jumatano kuanzia saa nne asubuhi, simu isikutoke mkononi. Huenda nisiwe na maneno. Wewe pokea tu, usinihoji, ukae hapo hapo kwenye laini mpaka niweze kusema.

Nisalimie shemeji, na Aneth na wanawe. Mungu awatunze ninyi huko, na sisi huku asitupite.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Paulina, Mama Evodia