Koti la Koplo Lemburis

Arusha, Jumatatu, 3 Desemba 1945

Mama yangu Ndeshi,

Shikamoo mama. Na shikamoo nyingine kwa kila juma ambalo sikuandika. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Machame? Baba ameacha kupanda juu ya paa, au bado anajiona kijana? Mimi mwili ni mzima, nakula vizuri, na kifua hakijanibana tangu masika yaishe. Mzee Badrudin, bwana wangu wa kazi, anakusalimu, na anasema ndizi ulizotuma zilikwisha siku ileile, yeye akiwa ndiye mlaji mkuu.

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini miezi sita sijakanyaga nyumbani wakati basi la Moshi ni safari ya siku moja, na unauliza kama nimepata mwanamke. Sijapata mwanamke, mama. Nimeingia katika jambo jingine, nami nakuomba barua hii uisome mwenyewe, polepole, na miwani yako. Usimpe mchungaji akusomee. Kuna kosa langu humu. Nikilianza kwanza utaichana karatasi, kwa hiyo nitakwenda nalo hatua kwa hatua.

Unajua kazi tunayofanya hapa barazani. Askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, hupewa nguo na serikali, lakini nguo hizo ni balaa tupu: mtu mwembamba huvishwa gunia, mnene huvishwa soksi. Tena za serikali hurudi serikalini. Kwa hiyo askari anayejipenda huja kwetu kushonewa sare yake mwenyewe, ya kutembelea mjini akiwa likizo, na hiyo ni mali yake hadi kufa. Mimi niliyekataliwa jeshini kwa ajili ya kifua, nimewavisha nusu ya askari wa mlima huu. Nasema bila kujisifu, ingawa najisifu kidogo.

Mwaka juzi, kabla ya kupelekwa Burma, alikuja koplo mmoja wa Kiarusha kutoka Moshono, jina lake Lemburis. Kijana mrefu, mcheshi, hatulii hata akipimwa. Alitaka koti la kaki nzito, mifuko minne, vifungo vya shaba vyenye kichwa cha simba, na ndani ya mikono kitambaa chekundu ambacho afisa hatakiona. Alilipa yote siku hiyohiyo. Alisema mama yake, Namnyaki, macho yanamwisha, na mtoto ni yeye peke yake. Alikuwa amemwelezea koti zima, mfuko kwa mfuko, akamwahidi kwamba hata macho yakizimika kabisa, atamtambua mwanawe kwa koti hilo, maana duniani halina pacha. Aliomba litundikwe dukani mpaka arudi.

Nilimshonea kwa moyo wote. Mzee Badrudin ana sheria moja, na fundi asiyeifuata hufukuzwa: ndani ya kila mshono wa askari uache akiba ya kitambaa, upana wa vidole viwili. Anasema askari huondoka mvulana akarudi mwanamume, na akiba hiyo ndiyo humpa nafasi ndani ya nguo yake. Niliacha vidole viwili kamili.

Mwezi wa tano mwaka huu ikaja habari ya jeshi kwamba Lemburis hajulikani alipo. Wazee wa ukoo wake waliijua maana yake, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Namnyaki. Mzee Badrudin akaniambia nimpelekee mama yule koti la mwanawe, maana ni haki yake, na nimpe pole. Nilikwenda Jumapili baada ya ibada. Jioni nikarudi na koti mkononi, nikasema mama amenipokea vizuri ila ameomba liendelee kutundikwa. Mzee akaona ni sawa. Mimi ndiye ninayelala stoo na kushika funguo, kwa hiyo nililirudisha pale pale kwenye msumari wake.

Mama, ndipo mambo yakaanza. Jumatatu moja Mzee Badrudin alipita karibu na koti akasimama. Pindo lilikuwa na majani mabichi yaliyonasa. Kwenye viwiko kulikuwa na mikunjo, ile ya mtu aliyekaa akikunja mikono. Alilinusa akasema linanuka moshi na maziwa. Jumatatu iliyofuata, vilevile, na vifungo vilikuwa vinang'aa kama vimefutwa kwa kiganja. Mzee ni mtu wa dini na hesabu, hana mchezo na mashetani. Alifukiza ubani duka zima mpaka wateja wakawa wanapiga chafya.

Halafu akaja Lerionka, jirani wa Namnyaki, kushonewa kiraka. Mbele ya watu wote alisimulia kwamba Jumapili mchana kweupe alimwona marehemu Lemburis kwa mgongo, amevaa koti la vifungo vya simba, akiingia migombani kwa mama yake. Aliapa kwamba alimwita jina na yule mtu akageuza bega kidogo, kama anayesikia, kisha akaendelea bila kujibu. Alisema watu wa Moshono sasa hawapiti njia ile siku ya Jumapili. Na yule mama, alisema, anapikia watu wawili, na amenenepa, na anaimba. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze.

Wiki tatu zilizopita, Ijumaa asubuhi, mtu alisimama barazani akanizibia mwanga. Alikuwa amevaa koti baya la blanketi wanalopewa askari wanaoruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa mnene wa mabega, shingo ina kovu, sauti kama mchanga. Sikumjua mpaka aliposema jina lake. Lemburis hakufa. Alikuwa amelazwa India miezi mingi, karatasi zake zikapotea.

Alisema ametoka kwa mama yake. Alimwinamishia kichwa, mama akamshika utosi, akashuka begani, akagusa blanketi, akaondoa mkono. Alimwambia kwa upole kwamba amepotea nyumba, kwamba mwanawe yupo na huja kila Jumapili na koti lake. Lemburis alimtajia jina la baba yake, la babu yake, la ng'ombe wao. Mama akamwambia wafu wanajua majina yote. Akampa maziwa kwenye kibuyu, kama apewavyo mpita njia, akamwomba aende kwa amani asimchukie. Kwa hiyo Lemburis alikuja kuchukua koti lake, alivae, arudi, mama amshike tena.

Nililishusha kwenye msumari. Mkono wake ulipita hadi kiwiko ukakwama. Alipolazimisha, mshono wa mgongo ukalia ukapasuka. Mzee Badrudin akacheka, akamwambia asiogope, koti la duka lake lina akiba, kabla ya adhuhuri litakuwa limefunguliwa na kushonwa upya. Akaligeuza ndani nje. Nilimwona akitafuta kwa kidole gumba, mshono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akiba haikuwepo. Ilikuwa imekatwa, na mkato ulikuwa mpya, wa mkasi mkali, wa mtu anayeijua kazi. Lemburis naye alitia mkono mfukoni mwa koti akatoa bangili ya shanga, kazi ya mama yake, shanga mpya kabisa. Wote wawili wakanitazama.

Ni mimi, mama. Ni mimi mwanao Aminiel.

Jumapili ile ya kwanza mvua ilinikuta nikivuka mto Themi, karatasi ya kufungia ikalowa ikachanika, nami nikitetemeka nikalivaa koti, kwa nia ya kulivua nikifika. Nilipofika niliinamisha kichwa kama watoto wa Kiarusha wanavyowaamkia wakubwa. Nilidhani ni adabu tu. Namnyaki akaniwekea mkono utosini, mkono ukashuka, ukafika kwenye kifungo cha simba, akapiga yowe la furaha ambalo sijawahi kulisikia kwa binadamu. Nilikwenda kumpa pole ya msiba ambao hakuwa ameambiwa. Ningesema nini? Waarusha husema Kimaasai, nacho changu ni cha sokoni, na sauti si ya mwanawe. Mwenyewe akajijibia kwamba moshi wa mabomu umeniharibu koo na Wazungu wameniharibu ulimi. Nikala alichonipakulia.

Hiyo ya kwanza ni huruma, na Mungu anajua. Lakini nilirudi Jumapili ya pili, mama, na hiyo haikuwa huruma. Hapa mjini mimi ni fundi, fundi wewe, fundi harakisha. Kule nilikuwa mtoto aliyerudi kutoka vitani. Nilipenda. Naona haya kukuandikia wewe, mama yangu uliyenizaa, lakini nilipenda sana.

Koti lilikuwa kubwa kwangu. Nikalipunguza kwa nyuzi za kubandika, nikazifumua kila nikirudi. Lakini ile akiba ilijaa kwapani, na Namnyaki alipopapasa aliuliza kwa nini nguo yangu inanikataa. Jumamosi moja nikachukua mkasi nikaikata yote, vidole viwili, kila mshono, vipande nikavitupa jikoni motoni. Hakuna aliyenituma. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Neno la mwisho la methali hiyo unalijua, siwezi kumwandikia mama.

Lemburis hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliuliza tu mama yake huwa anasema nini nikiwa nakula.

Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja. Nilivaa koti kwa sababu yeye alitaka, ili mama asikilize. Nilipiga magoti nikamwambia Namnyaki ukweli wote kwa Kimaasai changu kibovu: mimi ni fundi, Mchaga, na mwanao ni huyu. Alicheka. Aliniambia vita vimenivuruga kichwa, mtu gani anayemgawa mama yake kwa mgeni. Akampa Lemburis chakula, naye akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kama mgeni. Mama yule akaninong'oneza kwamba yule ni mmoja wa waliokufa mbali bila kuzikwa, wanaozunguka wakitafuta akina mama. Nisimruhusu kujipima koti langu.

Mzee Badrudin hajanifukuza. Alijitolea kushona koti jingine, lakini kaki ile haipatikani tena, na Namnyaki anaijua kwa vidole. Basi Lemburis ameniambia niendelee kwenda. Yeye anamkatia kuni na kumchotea maji, mama humwita “mgeni” tu, na usiku analala kwa Lerionka. Jana nilikuwa ndani nikila, yeye yuko mlangoni ameegemea mwimo, anasikiliza mama yake akiniimbia.

Na bado sijakwambia linalonitisha. Jana Namnyaki alisimulia siku mwanawe alipokuwa mdogo akasombwa na mto akimfuata ndama. Kabla hajaitaja rangi ya ndama, mimi nilisema alikuwa mweusi mwenye paja jeupe. Mama akasema ndiyo. Lemburis mlangoni aligeuka akanitazama, mama, na usoni mwake hamkuwa na hasira, alikuwa ameogopa. Hakuna aliyeniambia. Nimejaribu kukumbuka mto wetu sisi, pale nilipokuwa nikikuchotea maji, na unanijia kwa shida, kama habari ya mtu mwingine.

Nitakuja Krismasi. Nitavaa shati langu la kila siku. Nikifika mlangoni usikimbie kunikumbatia, wala usiniite jina. Fumba macho kwanza, unishike utosi, uso, mabega, taratibu, huku hata baba amenyamaza. Vidole vyako visiponitambua, mama, usinionee huruma. Usinipe chakula. Niambie.

Msalimie baba, na wadogo zangu wote, na bibi. Mwambie bibi dawa ya kikohozi nitakuja nayo. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Mwanao,
Aminiel