Dakika Ishirini za Kutulia

Mdogo wangu mpenzi,

Huku wazima, paka kazaa tena. Kundi letu la Wabudha mtandaoni bado lipo: tunakaa kimya dakika ishirini mbele ya kamera, kisha soga saa nzima. Jana tulianza na huruma kwa viumbe, tukaishia kwa kunguni wa mwenzetu fundi viatu. Anawahurumia, ila dawa kanunua.

Mwalimu akanisifu, "Dada, leo hukutikisika hata kidogo."

"Hata macho hakupepesa," fundi akasema. "Mwalimu, hiyo ni picha."

Tukacheka wote. Sikuwaambia kwamba nilikuwa dirishani. Tangu ulipogombana na baba ukaondoka, geti likilia tu nainuka.

Na baba, aliyekufukuza, amekataza lisitiwe mafuta.

Ni mimi dada yako, nisiyetulia.