Walivyoipokea Mbalizi Filamu ya Fundi na Muuza Viazi

Iringa, 5 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na mguu umepoa, maana baridi ya mwaka huu haina adabu. Mimi sijambo, ni mafua tu. Naandika kwa sababu kwenye simu tunakatana maneno, halafu wote tunanuna.

Filamu imekwisha. Ni ile ya fundi cherehani mfupi, Mwislamu, aliyempenda muuza viazi wa Kinyakyusa mrefu kama mlango. Sitajifanya kwamba hujui hao ni nani. Juzi tuliionyesha hapa. Fundi alipopanda kigoda ili ampime mabega, watu walicheka mpaka wakapiga viti. Ile sehemu wanayomenya viazi dakika nne bila neno, mtu mmoja alilalamika kwamba mashine imekwama. Bibi mmoja wa Kihehe akamwambia anyamaze, hao wanachumbiana. Nilitamani sana mama angekuwepo amsikie.

Frida, mwenzangu aliyeshika kamera, anataka kuileta Mbalizi Jumamosi ya tarehe 24, saa nane mchana. Bila ruhusa yako haiji. Na ningependa mjomba Gwakisa naye aalikwe. Ni kaka wa marehemu mama, haifai aisikie kwa watu.

Mwanao,
Yasmini


Mbalizi, 11 Mei 2025

Mwanangu Yasmini,

Marahaba. Mguu unanisumbua nikikanyaga cherehani, mengine namshukuru Mungu. Kunywa tangawizi, uache kiburi.

Ilete filamu yako, siwezi kukuzuilia kazi. Ila mimi siendi kukaa nichekwe na wateja wangu. Na mjomba wako usimwite. Mama yako alifariki alfajiri, alasiri tukamzika, kama dini yetu inavyotaka. Gwakisa alifika magharibi kutoka Kyela na ndugu zao gari zima, akakuta udongo mbichi. Dada yake wa pekee. Mwaka wa tatu huu hajanipa hata salamu. Sasa unataka aje aone filamu ambayo ndani yake yeye ndiye anayemfukuza fundi? Acha, mama. Inaniuma kuliko unavyodhani.

Baba yako,
Matano


Iringa, 15 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mafua yameondoka, tangawizi nilikunywa. Vipi mguu?

Nisamehe. Mjomba nilishamwandikia kabla barua yako haijafika. Hajajibu, huenda haji. Mimi mwenyewe nasimamia mitihani hapa shuleni, sipati ruhusa. Frida atakuja na mashine, lakini yeye akishashika nyaya zake hasikii mtu. Nakuomba baba, nenda ukanisikilizie watu wanasema nini. Kaa nyuma kabisa, vaa kofia.

Mwanao,
Yasmini


Mbalizi, 27 Mei 2025

Mwanangu Yasmini,

Marahaba, na salamu nyingi. Mimi mzima, mguu umenyamaza kidogo.

Nilikwenda. Kofia haikusaidia kitu. Obeid muuza mkaa alinidaka mlangoni akanivuta mpaka mstari wa tatu kutoka mbele. Walipocheka kigoda nilikunja uso, halafu nikajikuta nacheka mwenyewe, maana ni kweli kiliwahi kuniangusha. Kwenye viazi hakuna aliyelalamikia mashine. Mama mmoja nyuma yangu alisema tu kwamba fundi anamenya vibaya, anamaliza kiazi chote.

Ngoja nikuambie jambo. Tangu mama yako afariki, watu wa hapa hawamtaji mbele yangu. Wanadhani wananihurumia. Nikadhani wamemsahau. Siku ile ukumbi mzima ulimtaja. Wewe ulimpa jina la Sekela, wao wakasema huyu ni Tumpe, tazama anavyoshika kiuno, Tumpe mtupu. Nakushukuru, mwanangu. Hilo peke yake lingenitosha.

Ikaja ile sehemu ninayokaa nje ya nyumba ya Gwakisa siku tatu, mvua inaninyeshea, nangoja jibu la posa. Wanawake walikuwa wananiombea nisiondoke. Mlango ulipofunguliwa wakapiga vigelegele. Yule mama wa nyuma akasema, mwanamume huyu ana subira. Yasmini, hapo nilishindwa kukaa. Niliinuka nikatoka nje.

Gwakisa alikuwa amesimama dirishani, kwa nje. Alikuwa ameitazama yote kutokea pale. Nilimwamkia, nikamwambia neno ambalo hata wewe sijawahi kukuambia.

"Shemeji, shehe alisema tunaweza kukusubiri mpaka ufike. Mimi ndiye niliyekataa. Nilishindwa kumtazama amelala pale, nikasingizia dini."

Aligeuka akatazama tena dirishani. Ndani walikuwa wanacheka tena.

"Najua," akasema. "Shehe aliniambia wiki ileile. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nililia, sikufichi. Naye alilia. Kisha akanishika mkono tukaingia, watu wakatupisha, tukauona mwisho tumekaa pamoja. Wengi wameulaumu huo mwisho, wanasema umewakatisha kabla ya harusi. Mimi usiniulize, sikuwa naona vizuri.

Hajaondoka tangu siku ile. Analala chumba chako. Mke wake amekuja na mchele wa Kyela, na majirani wanapita kukaa nasi kama msiba wa jana. Ananisimulia Tumpe alivyokuwa mdogo, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa miaka yote niliyokaa naye. Amesema nikuandikie ndaga fijo, kwamba hana shukrani kubwa kuliko hiyo katika lugha yao. Mimi yangu ni hiyohiyo, asante sana, mwanangu.

Jana alitaka twende kaburini, mimi na yeye. Nimemwambia hatuendi mpaka Yasmini amalize mitihani yake afike. Amekubali. Tunakusubiri.

Baba yako,
Matano