Kibendera Chekundu cha Bibi Thora

Barabara ya Mlima Kijani,
Nordby, Minnesota.
18 Oktoba, 2018.

Mpendwa Shangazi Solveig,

Pokea salamu zangu kutoka huku ambako baridi imeitangulia kalenda. Je, yale mafua yaliyokulaza huko Anchorage yamekwisha? Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo, soma uone.

Mzee Arvid Lokken ametutoka. Alianguka kando ya gari lake la posta, barua za watu zikiwa bado mkononi, na Jumamosi tulimzika. Wewe ulimjua tangu alipovua magwanda ya Vietnam akavaa ya utarishi, kwa hiyo sitakueleza wema wake.

Nitakukumbusha jambo moja tu. Kibendera cha kisanduku cha barua huinuliwa na mwenye barua ya kutuma, ili tarishi asimame. Mama yako alikiinua kila asubuhi, barua iwepo isiwepo. Mzee Arvid alifungua, akachungulia utupu, kisha akapaza sauti: “Thora, hii yako nzito mno, stempu hazitoshi!” Naye Bibi akamjibu: “Acha porojo zako, kahawa inapoa!” Walikuwa na mapatano: “Siku ukikikuta kimelala, Arvid, usibishe hodi. Vunja mlango.”

Nilipewa heshima ya kusema kanisani. Wazee wa chama cha askari walitaka nisifu nishani yake. Mimi nilishikilia kwamba ushujaa wa mtu hupimwa zaidi kwa yale anayoyarudia kila siku bila kushangiliwa. Bwana Elmer, mmoja wao, akanikata: “Kijana, hiyo shahada yako haijawahi kunyeshewa.” Wakacheka. Nilizitaja zote mbili, nishani na barua, lakini hoja yangu sijaiacha.

Ilikubaliwa kwamba jeneza likipitishwa katika njia yake ya kazi, kila nyumba iinue kibendera. Bibi alikataa kuja kanisani. Alisema ataagana na mwenzake hapo langoni. Nami nilikuwa katika gari la pili. Shangazi, ungeviona! Vyote vilikuwa juu, hata cha akina Bakke wasiosalimiana na mtu. Tukakata kona, na cha Bibi kilikuwa kimelala.

Sijui niliufunguaje mlango wa gari. Nilikuwa nikikimbia kuuvunja ule wa nyumba, nilipomwona amesimama nyuma ya msonobari ulio kando ya kisanduku, kiganja chake kimekikandamiza kibendera.

“Bibi! Kuna nini?”

“Kuna nini, nini? Kofia yako iko wapi?”

“Kibendera, Bibi! Kila mtu ameinua!”

“Ndiyo maana. Kikiwa juu atasimama. Arvid hajawahi kunipita hata siku moja.” Akalitazama gari la jeneza likipita taratibu. “Mwache apite. Amechoka.”

Nilimshika mkono, tukasimama hadi gari la mwisho.

Ila tangu Jumatatu amerudia kukiinua, na kisanduku ni kitupu. Tarishi mpya, Krista, ni msichana mwenye adabu, lakini ana haraka. Jana alimwambia, “Bibi, ukiinua bure unanichelewesha.” Bibi akaingia ndani. Neno lile linaninyima raha. Januari ninakwenda Chicago kuanza kazi. Siku kibendera kikilala kwelikweli, nani atajua? Nani atavunja mlango?

Najua utanijibu kwamba ahamie makao ya wazee. Napinga, na sababu zangu ninazo nyingi. Lakini nakiri kwamba hakuna hata moja inayonipa usingizi. Njoo kabla theluji haijafunga barabara, tuliamue jambo hili pamoja naye, wala si nyuma ya mgongo wake. Na kabla hujaja, mwandikie. Mwandikie hata kuhusu mvua, ili gari la posta liwe na haja ya kusimama hapa.

Nisalimie Mjomba Gunnar, na umwambie binti yako Inga kwamba kitabu chake bado nakisoma kwa ubishi. Mungu akulinde njiani na akufikishe ukiwa na nguvu za kubishana nami.

Ni mimi mpwa wako, akupendaye hata anapokupinga,

Leif

N.B. Barua hii naitia katika kisanduku cha Bibi. Kibendera amekwisha kukiinua mwenyewe tangu alfajiri. Leo si bure.